Mbwa kulala chumbani na watoto: tunaambukizana bakteria wa tumbo?

MamaTariq: Dada yangu analaza mbwa chumbani na wanangu wakienda likizo. Nikamwambia bakteria wa mbwa wanahamia matumboni mwao, kanijibu ndio wanawajengea kinga. Wenye ujuzi, semeni.

Kasuku_Tanga: Wanahamia, ila zaidi wa ngozi kuliko wa tumbo. Marekani 2013 walipima familia 60, wenye mbwa wakafanana bakteria wa ngozi na mbwa wao kuliko mbwa wa wengine. Achanjwe kichaa, anywe dawa ya minyoo, watoto wanawe. Hofu ya nini? Mbona kuna watu wanalala na kuku na wanaishi?

Bi_Mwajuma: Wanaolala na kuku unamsema nani? Vifaranga wangu wanakaa kwenye beseni uvunguni mpaka waote manyoya, nje kuna kicheche. Kuku hao wamesomesha wanangu. Usinilinganishe na wafuga mbwa!

Wa_Kayole: Mama, usikasirike, lakini kuku ndio wa kuulizwa. Huku Nairobi walichunguza E. koli, bakteria wa tumboni, katika kaya 99, watu na mifugo yao. Bakteria wa nyumba moja walielekea kufanana. Binadamu na mnyama kupeana kulikuwepo, ila mara chache. Kwenye maji unawawekea dawa gani?

Bi_Mwajuma: Ile ya unga wa njano ya duka la pembejeo. Wakianza kusinzia na kuharisha kijani, natia kijiko kwenye kidumu.

MamaTariq: Jamani, mimi niliuliza mbwa.

Afisa_Mifugo: Subiri kidogo, mama Tariq. Bi Mwajuma, dalili hizo ni za mdondo, na mdondo ni kirusi. Huo unga wako wa njano ni tetrasaiklini, dawa ya bakteria, haikigusi kirusi. Unachofanya ni kuua bakteria dhaifu tumboni mwa kuku na kubakiza sugu, kisha unashika kinyesi, unasonga ugali. Dawa za jamii hiyo hiyo tunapewa sisi hospitali.

Bi_Mwajuma: Mwanangu, kijijini kwetu mtaalamu akija anadai nauli inayozidi bei ya jogoo. Nikae niwatazame wakifa?

Afisa_Mifugo: Hapana. Chanjo ya mdondo ni tone moja jichoni, kuku akiwa mzima, unarudia kila miezi 3. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, changeni na majirani. Na mayai ya siku za dawa, unauza?

Bi_Mwajuma: Nauza. Nani aliniambia nisiuze?

Afisa_Mifugo: Imeandikwa kwenye pakiti, maandishi madogo chini. Mpe mwanao akusomee leo.