Nyumba ya mawe Mikindani, duka chini roshani juu: ya Mwarabu au ya Mhindi?

MjukuuWaMikindani: Wakuu habari zenu. Bibi katuachia nyumba pale Mikindani, chini ina milango mitatu ya mbao ya kukunja inatazama barabara, juu roshani, nyuma ua. Wazee wanasema ya Mwarabu, fundi anasema ya Mhindi. Vyumba vyembamba balaa, ukiweka kitanda umemaliza, kwa nini? Nataka nipige plasta ya simenti kabla mvua hazijaanza.

FundiChokaa: Dada subiri na hiyo simenti! Wembamba ni boriti za mikoko zinazobeba dari, zikipita mita tatu hivi zinapinda, kwa hiyo boriti ndo inaamua chumba. Hata Husuni Kubwa, lile jumba la sultani Kilwa Kisiwani, karne ya 14, vyumba ni virefu lakini vyembamba. Hiyo mifupa ni ya pwani yetu, Wahindi wa maduka wameikuta.

KivinjeDamu: Sasa sura ya mbele ndo Mhindi huyo. Babu zangu walitoka Kutch kule India kwa jahazi na kaskazi wakafungua duka Kilwa Kivinje, wanauza kaniki na chumvi, wananunua sandarusi (utomvu mgumu wa miti), mpira na pembe za ndovu. Mwenye duka anataka mteja aone mali kutoka barabarani, ndo maana milango mingi, ukiikunja ukuta wote unafunguka. Nyumba ya Mwarabu mlango mmoja, unakaa barazani, ndani huoni kitu. Familia yetu ililala juu ya duka, mali inalindwa na roshani inaleta upepo. Angalia ukuta wa ndani kama una zidaka, vile vishimo vya kuwekea taa na vitu.

MjukuuWaMikindani: Nimetoka kuangalia sasa hivi! Zidaka nne, moja ina masizi ya kibatari mpaka leo. Na kizingiti cha mlango wa kati kimelika katikati kama bakuli, ya pembeni mizima.

KivinjeDamu: Wateja hao dada, wa kati ndo ulikuwa unafunguliwa kila siku. Na zidaka ni za Waswahili, kwa hiyo fundi wako kashika kipande cha mbele, na kile wazee wanachoita cha Mwarabu ni cha pwani yetu. Umenitoa machozi kwa kweli.

FundiChokaa: Sasa ukuta. Mawe ya matumbawe yanavuta unyevu na kuutoa, simenti inaufungia ndani, chumvi inakula ukuta mpaka plasta inabanduka na mawe yake. Kwangua palipolegea tu, chokaa moja mchanga tatu, mwagia maji asubuhi na jioni wiki nzima isikauke haraka. Na hiyo milango akija mtu na hela usimuuzie hata mmoja, bawaba zikiwa na kutu zipake mafuta ya nazi zitafunguka.

MjukuuWaMikindani: Simenti nimeshanunua mifuko sita, kesho nairudisha dukani.