Ukoo wa KC (Kansas City) 🏈 Jumapili uwanja wa Arrowhead

Alhamisi

[18:52] Mama Zuhura: Salaam jamani. Jumapili mechi ya mpira wa Kimarekani saa 6 mchana, tunapika na kula kwenye maegesho kabla haijaanza. Tuko 18, wakubwa 14 na watoto 4. Magari matatu, tiketi za maegesho tatu, ziko kwenye simu yangu. Magari yaingie yamefuatana, ukiachwa nyuma unapangwa safu nyingine na hakuna wa kumbembeleza.

[18:53] Mama Zuhura: Kwangu saa 12 na nusu asubuhi, tunatoka saa 1.

[19:40] Idi: Saa 1 ya kwetu au ya kwenye simu?

[19:41] Mama Zuhura: Idi usinianze. Simu yako itaandika 7:00.

[20:15] Mama Zuhura: Tiki za bluu naziona. Mmesoma wote, kajibu Idi peke yake.

[20:31] Baba Imani: Nyama niachieni. Mishkaki mitatu kwa mkubwa, miwili kwa mtoto, jumla 50. Kijiti kimoja gramu 60, kwa hiyo kilo 3 za steki. Vipande vya sentimita 2 na nusu, visibanane, vikibanana katikati panabaki pabichi. Vijiti vilowekwe nusu saa visiungue. Tunatunga Jumamosi usiku nyumbani. Kule na glavu mkononi hakuna kutunga.

[20:33] Mama Zuhura: Papai bichi nakwangua mimi.

[20:36] Baba Imani: Papai lisilale na nyama. Usiku ni kitunguu saumu, chumvi na pilipili manga tu. Papai lipakwe asubuhi wakati wa kutoka, saa 2 zinalitosha. Likilala humo mtakuta uji.

[20:50] Shemeji Joe: Naleta soseji na lile jiko dogo la gesi la mezani.

[20:52] Tatu: Soseji za nini?

[20:52] Tatu: Tusirudie Topeka.

[20:53] Idi: 🐷🏃🏾

[20:55] Shemeji Joe: Za ng'ombe, shemeji. Natuma picha ya pakiti.

[20:58] Baba Imani: Mimi shida yangu ni jiko. Vile vikopo ni vya butani, ikifika sifuri butani haitoi mvuke, na Jumapili asubuhi wanasema -6. Utapiga kiberiti mpaka wimbo wa taifa uishe. Leta mtungi wa propani, ule unawaka hata -20 kama ile mechi ya Januari 2024 na Miami.

[21:10] Mama Zuhura: Pilau kilo 2 za mchele, napika mimi. Deli namimina maji ya moto, nalifunga dakika 10, namwaga, sufuria inaingia imeviringishwa taulo mbili. Asilifungue mtu kuchungulia! Deli la pili ni la soda. Barafu hatuhitaji, hapo tunazuia zisigande. Nani analo?

[21:11] Mama Zuhura: DELI LA PILI NANI?

[21:30] Idi: Mimi nina koleo.

[21:31] Mama Zuhura: Koleo ziko tatu.

Ijumaa

[07:05] Tatu: Tenti ifungwe uzito kila mguu, kilo 10 kwenda juu, lami haipigwi vigingi. Jiko lisiingie chini ya tenti hata baridi iwe vipi, hewa ya mkaa inaua na turubai linashika moto. Majivu kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, sio kuyamwaga chini ya gari. Makaa yanaweza kukaa na moto mpaka kesho yake.

[07:06] Tatu: Na hiyo tenti ni ya nani? Yangu ilirudi na miguu mitatu.

[07:20] Shemeji Joe: Ule ulikuwa upepo.

[07:21] Tatu: Upepo haukunilipa dola 90.

[07:22] Idi: Miguu mitatu hiyo bajaji 😂😂

[07:24] Mama Zuhura: Jamani MKAA. Mfuko wa kilo 7, nani? Tukifika tu tunauwasha, dakika 20 mpaka 30 kwa baridi hii, hadi uvae majivu meupe. Nyama isipande kabla.

[07:26] Mama Zuhura: Na mikoba ibaki nyumbani. Getini ni mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, inchi 12 kwa 6 kwa 12, sheria ya ligi tangu 2013. Tatu nakuona wewe.

[07:41] Idi: Watoto wavae vifuniko vya masikio. Kelele za uwanja ule zilipimwa desibeli 142.2 mwaka 2014, rekodi ya dunia 🔥

[07:43] Idi: Imezidi Shangazi akiulizia mkaa.

[12:48] Babu: Nimesoma yote. Watoto wadogo hawasimami kwenye baridi muda wa saa tano kwa ajili ya mpira. Wao na mama yao waje saa 4 na nusu. Na hilo la tenti limalizwe kabla ya Jumapili, lisifike uwanjani mbele ya watu.

[12:50] Tatu: Shikamoo Babu. Sawa.

[12:51] Shemeji Joe: Sawa Babu 🙏

[12:59] Baba Imani: Sawa Babu.

[13:05] Mama Zuhura: Sawa Babu. Ila wakija baadaye hilo ni gari la nne, na tiketi ni tatu.

[13:30] Baba Imani: Si waje na gari la Joe?

[13:31] Mama Zuhura: La Joe ndilo linabeba mtungi na tenti.

[13:31] Mama Zuhura: Kama tenti ipo.

[15:02] Shemeji Joe: Tatu nimekurushia 45. Nyingine mwisho wa mwezi.

[16:40] Tatu: 👀

[18:58] Mama Zuhura: Mkaa bado sijasikia jina.

[19:17] Idi: Deli la pili limepatikana, la jirani. Halina mfuniko.