Sri Lanka peke yangu mwezi wa nane, sitaki njia ya watalii. Nianzie wapi?

nyarKano (Kisumu)

Hamjambo wadau. Mimi ni mwalimu hapa Kisumu na likizo ya mwezi wa nane nimeamua naenda Sri Lanka, peke yangu, pesa nimekuwa nikiweka kwa chama polepole. Sasa kila nikiingia mtandaoni njia ni ile ile, Colombo, Kandy, panda treni mpaka Ella, piga picha kwa lile daraja la matao tisa, shuka Mirissa uone bahari, pitia Galle, rudi nyumbani. Sina ubaya na hizo sehemu lakini sitaki kwenda mbali hivyo nikapange laini ya kupiga picha. Nataka kupanda basi na wenyeji, nikule kwa vibanda, nikae mji mmoja mpaka muuza matunda anijue. Kuna upande wa kisiwa mwanamke mweusi anaweza zunguka pekee yake akiwa ametulia? Na mvua je, naskia huko iko na mambo yake.

Wanjala_BGM

Dada, anza na mvua kwa sababu ndiyo itakuamulia karibu kila kitu. Monsuni ya kusini-magharibi inapiga kusini na milimani kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa hivi, na wakati huo huo kaskazini na mashariki kumekauka kabisa, wao mvua yao kubwa inakuja kuelekea mwisho wa mwaka. Kwa hivyo mwezi wa nane watalii wa Mirissa wananyeshewa na wewe uko Jaffna kwa jua kali. Nenda kaskazini, usifikirie mara mbili.

Huko watalii ni wachache kwa sababu vita ya wenyewe kwa wenyewe ilikaa kutoka 1983 mpaka 2009, na reli yenyewe ilirudi kufika mji wa Jaffna 2014. Unapandia stesheni ya Colombo Fort, treni inaitwa Yal Devi, na ni safari ya kutwa, chukua daraja la pili ukae dirishani. Ukivuka kuelekea kaskazini utaona mambo yanabadilika, migomba na minazi inapungua, miti ya mivumo inaanza, maandishi ya maduka yanakuwa Kitamil, mahekalu ya Kihindu yenye sanamu za rangi mpaka juu. Mwezi wa nane kwa kawaida unaangukia sherehe ya hekalu la Nallur, siku 25 mfululizo, watu wanavuta gari kubwa la mungu wao kwa kamba, wanaume wanaingia hekaluni vifua wazi na wanawake wamejisitiri vizuri. Chumba tafuta mapema sana maana mji unajaa.

Pita pia maktaba ya Jaffna. Ilichomwa 1981, vitabu zaidi ya elfu tisini na miswada ya majani ya mvumo ikaisha yote, wakaijenga tena. Wewe ni mwalimu, utasimama hapo muda.

Na tafadhali, sehemu kama Muhamalai, huko huko kaskazini, ukiona kibao chekundu chenye fuvu usitoke barabarani hata kwenda haja, mabomu ya kutegwa bado yalikuwa yanatolewa huko.

Mkulima_Njoro (Nakuru)

Wanjala amesema vizuri ila ameruka sehemu mimi naipenda kuliko zote, ule upande wa magharibi, Puttalam na Mannar. Mannar kuna mibuyu dada, mibuyu kabisa, ule mkubwa uko Pallimunai, na wenyeji wanasema ililetwa na wafanyabiashara Waarabu kutoka kwetu Afrika. Umepiga mguu mpaka pale, umeweka mkono kwa gome, unajiuliza mbegu ilikaa kwa jahazi gani. Punda nao wanazurura mjini kama wenye mji. Mimi kama mtu wa Nakuru ningekuambia habari ya heroe pia lakini hao wanafika huko kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi, usiwatafute mwezi wa nane.

Karibu na Puttalam kuna kijiji kinaitwa Sirambiadiya, wanaishi watu ambao mababu zao ni Waafrika waliopelekwa huko na Wareno, halafu Waholanzi na Waingereza wakaongeza wengine. Siku hizi wanaongea Kisinhala lakini wako na muziki wao unaitwa manja, unaanza taratibu halafu unapanda mpaka kila mtu ako wima, na maneno ya nyimbo bado ni ya krioli ya Kireno, yaani Kireno kilichochanganyika. Nakuomba usiende kama mtu anaenda kuangalia wanyama. Tafuta mtu Puttalam akupeleke, salimia wazee kwanza, simu iache kwa mfuko, ukiambiwa leo hakuna kucheza, kunywa chai uongee na watu.

mama_wawili (Kakamega)

Hapo kwa usalama wacha niongee kama mwanamke. Mchana kutembea ni sawa, watu ni wakarimu sana na watakuangalia, mara nyingi ni udadisi tu, wengine wataomba picha. Shida iko kwa mabasi yakijaa, kuna wanaume mikono yao haitulii, kwa hivyo kaa karibu na wamama na ukiguswa paza sauti, wamama watakusaidia. Viti vya mbele kabisa ni vya watawa wa Kibuddha, usikalie. Usiku usitembee na tuktuk ya kusimamisha njiani, ambia mwenye gesti akuitie mtu anamjua. Mabega na magoti funika, viatu vua hekaluni, na usipige picha ukiwa umeipa sanamu ya Buddha mgongo, huko wanaona ni matusi makubwa.

Wakikuuliza unatoka wapi sema Kenya halafu taja kriketi uone. 1996 pale Kandy walitupiga wakifunga mbio 398, lakini 2003 Nairobi tuliwashinda na Collins Obuya akatoa watu watano. Wazee wa huko wanakumbuka, utaletewa kiti.

nyarKano

Asanteni sana jameni, Puttalam, Mannar, Jaffna basi. Milima ya chai nimeacha, Nandi na Kericho ziko hapa. Kisiwa cha Delft je, kinafaa kwenda na kurudi?

Wanjala_BGM

Kinafaa, toka asubuhi na mapema. Basi ya Jaffna inakupeleka mpaka gati la Kurikadduwan kwa barabara imepita katikati ya maji, halafu boti kama saa moja. Huko kuna farasi wadogo wa mwituni, kuta za mawe ya matumbawe, na mbuyu mwingine. Ukishuka tu uliza boti ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi, kabla hata ya kununua maji.

mama_wawili (Kakamega)

Na chanjo ya homa ya manjano piga angalau siku kumi kabla ya safari, ukitoka Kenya wanaitisha ile kadi. Halafu Sri Lanka ilitangazwa haina malaria tangu 2016, daktari wa huko anaweza kukosa kuifikiria, kwa hivyo ukishikwa na homa mwambie mara moja umetoka Kisumu akupime.

nyarKano

Hiyo ya malaria singewahi kuifikiria. Kesho naenda kuulizia chanjo.