Dripu kila baada ya siku 21, watoto wawili, darasa na mswada: nipange vipi?

Mwalimu wa Kihesa aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 41, ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya binafsi hapa Iringa, na mwezi Machi niligunduliwa kuwa na saratani ya titi la kushoto. Nimekwisha kufanyiwa upasuaji, na sasa ninapata tibakemia Dar es Salaam, pale Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Ratiba yangu ni dripu nne za ile dawa nyekundu, moja kila baada ya siku 21, kisha nne za dawa nyingine kwa mpangilio uleule, na baada ya hapo mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma matatu. Mpaka leo nimepata mbili.

Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 500. Ninapanda basi alfajiri, ninafika kituo cha Magufuli pale Mbezi alasiri, ninalala kwa dada yangu Kimara. Kesho yake ninapimwa damu, na siku inayofuata, damu ikiwa inaruhusu, ndipo ninapotundikiwa dripu. Kwenda si tatizo. Kurudi ndiko kunakonishinda. Mara ya pili niliondoka siku iliyofuata dripu, nikihofia kuongeza siku za kutokuwepo kazini. Tulipokuwa tunapanda Kitonga nilitapika ndani ya mfuko hadi nguvu zikaniishia, na kijana aliyeketi kando yangu, ambaye sikumjua wala sijamwona tena, alinishikia kitenge kichwani kisidondoke, kwa sababu nywele zilikwisha kutoka na aliona jinsi nilivyokuwa nahangaika kukizuia kwa mkono mmoja.

Mume wangu anafanya kazi Mufindi na huja mwisho wa juma. Binti yangu wa miaka 13 anajua kila kitu. Mdogo wake ana miaka sita, naye tumemwambia kwamba mama anakwenda semina. Kazini nimeambiwa nichague: ama niwepo siku zote kama wenzangu, ama nichukue likizo bila malipo, nami nina Kidato cha Nne wanaofanya mtihani wa taifa mwezi Novemba. Halafu kuna jambo ambalo naona haya kulitaja mbele ya ndugu wa mume, kwa kuwa wataona si wakati wake: ninaandika riwaya. Inamhusu mwanamke mchuuzi wa vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, nimefika sura ya tisa, na mchapishaji amekubali kuupokea mswada mwishoni mwa Desemba.

Je, nihamie Dar es Salaam hadi matibabu yaishe? Niache kazi kwa muda? Na huo mswada niufanyeje? Ningependa kusikia kutoka kwa waliopitia njia hii au waliouguza.

Muuguzi Mstaafu, Morogoro:

Pole sana, Mwalimu. Nimefanya kazi wodini kwa zaidi ya miaka 30, na kosa ninaloliona katika mpango wako ndilo kosa la wagonjwa wengi wenye bidii: unajaribu kuigawa nguvu yako sawasawa kwa siku zote, wakati mwili wako kwa sasa hauna siku zinazofanana. Chukua kalenda ya ukutani, uweke alama siku ya dripu, kisha uhesabu siku 21 kutoka hapo, kwa maana hiyo ndiyo kalenda yako ya kweli hadi matibabu yaishe.

Siku ya kwanza na ya pili unaweza kujiona una nguvu hata usiku usilale. Mara nyingi hiyo ni deksamethasoni, dawa unayopewa pamoja na dripu ili usitapike. Mwulize daktari wako kama dozi zake zinaweza kumezwa mapema mchana badala ya jioni. Nguvu hiyo usiiamini, kwa sababu siku ya tatu hadi ya tano huwa inaondoka ghafla, na wewe unapopanda basi siku iliyofuata dripu unakwenda kukutana na anguko hilo njiani. Kuanzia takriban siku ya saba hadi ya 14 chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka kabisa, na hapo utajiona umepata nafuu ilhali kinga haipo. Huo si wakati wa kukaa katika darasa lenye wanafunzi wanaokohoa, wala wa kubanana katika mabasi ya mwendokasi. Juma la tatu ndilo lako. Nunua kipimajoto leo hii. Joto likifika 38, hata kama ni saa nane ya usiku na hata kama unajisikia mzima, nenda hospitali iliyo karibu na useme tangu mlangoni kwamba uko kwenye tibakemia. Usimeze panadoli ukasubiri kupambazuke, kwa sababu homa ya namna hiyo inaweza kumwondoa mtu kwa saa chache.

Kuhusu safari, nina mambo matatu. Kwanza, mwombe daktari akuruhusu upime damu hapo hapo Iringa siku moja au mbili kabla, upige simu na majibu. Nimeona watu wakisafiri siku nzima na kurudishwa kwa sababu damu ilikuwa chini. Pili, usiondoke Dar es Salaam kabla ya siku ya nne au ya tano, na usiifanye safari yote kwa siku moja. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inakuleta Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili, bila kona na bila vumbi, na stesheni yake ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji, si mbali na Ocean Road. Lala Morogoro, kisha uchukue basi kesho yake. Tatu, katika basi shuka kila linaposimama, utembee hata dakika tano. Saratani na dawa zake huongeza hatari ya damu kuganda mishipani, kwa hiyo mguu mmoja ukivimba au ukiuma kuliko mwingine, ama pumzi ikikubana ghafla, usiseme ni uchovu wa safari.

Kuhamia Dar es Salaam kwa miezi yote hiyo sikushauri, kwa sababu watoto wako na riziki yako viko Iringa. Lakini majuma matatu ya mionzi hayana mjadala. Hapo ni kila siku, na ni lazima ukae mjini.

Afisa Utumishi, Dodoma:

Mwalimu, hilo la kuchagua kati ya kuwepo siku zote na likizo bila malipo si sahihi kwa mwajiriwa wa sekta binafsi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Unachotakiwa ni kuleta cheti cha daktari anayetambulika kisheria. Hakuna haja ya ugomvi. Andika barua ya ukurasa mmoja, uambatanishe ratiba ya dripu, na upendekeze wewe mwenyewe siku utakazokuwepo na siku za likizo, kisha ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Mwajiri anayeona tarehe mbele yake huwa na utulivu kuliko yule anayesikia tu kwamba "mwalimu anaumwa".

Mama Wawili, Mbeya:

Pole, dada. Mimi ningeweka kalamu chini. Riwaya itakusubiri, lakini mwili hausubiri. Upone kwanza.

Mfasiri wa Tudor, Mombasa:

Dada yangu, namheshimu aliyetangulia, naye amesema kwa mapenzi, lakini katika hili sikubaliani naye. Mwaka 2018 nilitibiwa saratani ya utumbo mpana jijini Nairobi, dripu 12, moja kila baada ya majuma mawili, nikisafiri kwa treni kutoka Miritini. Kati ya dawa zangu mlikuwa na oksaliplatini, ambayo huifanya mishipa ya fahamu isivumilie baridi. Mara ya kwanza nilishika chupa ya maji iliyotoka kwenye friji, nikaiachia ikapasuka, maana nilihisi kama nimeshika waya wa umeme. Ndani ya behewa, kwa vile kipoza hewa kilikuwa kikali, nilivaa soksi za sufu mikononi, huku abiria wenzangu wakinitazama katika joto lile la Voi. Nakueleza haya kwa sababu dawa yako ya pili, ikiwa ni paklitakseli kama ilivyo kwa wengi, nayo huweza kuleta ganzi vidoleni. Kama unaandika kwa mkono katika kauntabuku, jiandae mapema. Ganzi hiyo uitaje kwa daktari ikianza tu, usiivumilie kimya, kwa sababu kuna wakati hulazimu kupunguza dozi.

Nilikuwa naandika kitabu kuhusu uvuvi wa babu zangu. Sikukiacha, ila niligawa kazi kwa aina yake. Siku mbaya sikuandika hata neno. Siku za katikati, nilipokuwa nyumbani nikijitenga na watu, nilisoma na kusahihisha tu. Siku nzuri, na hizo kwangu zilikuwa tano au sita katika kila majuma mawili, nilitunga asubuhi kwa saa moja na nusu, si zaidi. Vidole vilipokataa, nilirekodi sauti kwenye simu nikitembea barazani, na binti yangu akanukuu jioni. Kulikuwa na jambo lingine ambalo hakuna aliyenionya: maneno yalinipotea. Kuna asubuhi nililitafuta neno "nanga", mimi mjukuu wa nahodha, na halikuja. Mwishowe niliandika "kile chuma cha kuishika mashua", nikaweka alama ya nyota pembeni na kuendelea. Lilirudi siku ya tatu nikiwa naoga. Ukipatwa na hali hiyo usidhani kipaji kimekutoka. Weka nyota, uendelee.

Lakini ukungu huohuo wa akili ni hatari katika kazi ya mshahara. Nilipotosha tarehe moja katika mkataba niliokuwa naufasiri, na tangu siku hiyo sikutoa kazi bila mwenzangu kuipitia. Wewe mwombe mwalimu mwenzako ajumlishe upya alama unazosahihisha.

Kuhusu Desemba, mwandikie mchapishaji sasa, usingoje. Kwa hesabu yako, mwezi huo utakuwa unakwenda kwenye mionzi, na uchovu wake hujijenga polepole. Mimi niliomba miezi sita, nikapewa kwa barua fupi. Ninachokusihi ni usiifiche kazi hii kama dhambi. Katika mwaka ule kila mtu aliyenipigia simu aliniuliza habari za tumbo langu, na ile saa moja na nusu barazani ndiyo peke yake ambayo nilishughulika na jambo lisilo ugonjwa.

Binti wa Makambako:

Naomba niseme juu ya mtoto wa miaka sita, kwa sababu nilikuwa yeye. Mama yangu alitibiwa saratani ya shingo ya kizazi nikiwa na miaka saba, na mimi niliambiwa anakwenda kwenye biashara. Niliona anarudi amekonda, hana mzigo wala zawadi, na watu wazima wanakatiza maneno ninapoingia. Kwa akili yangu ya kitoto niliamua kwamba anatafuta nyumba nyingine, atuache. Usiku wa kuamkia safari yake ya nne nilificha kiatu chake kimoja kwenye pipa la mahindi ili asiondoke, akaenda stendi na kandambili. Mwambie mtoto wako jina la ugonjwa, umwambie kwamba hakuusababisha yeye na kwamba hauambukizi akikukumbatia. Mwambie pia ni siku ngapi hutakuwepo.

Mwalimu wa Kihesa alijibu:

Shikamoo Mama Muuguzi, na asanteni nyote. Nimechukua siku tisa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nitende.

Barua imepokelewa na imegongwa mhuri. Nitafundisha juma la tatu la kila mzunguko na siku chache za mwisho wa juma la pili iwapo damu itakuwa nzuri. Siku nyingine ni likizo ya ugonjwa, na mwenzangu amekubali kushika vipindi vya sarufi, mimi nibaki na fasihi. Daktari ameruhusu nipime damu Iringa. Mchapishaji amenisogezea hadi Juni. Dada yangu wa Mbeya, nimekusikia pia, na katika juma la kwanza baada ya dripu kauntabuku itakaa kabatini.

Mdogo nilimwambia Jumapili, baba yake akiwepo. Alisikiliza, akauliza kama dawa nyekundu ni tamu, kisha akauliza kwa nini semina haina cheti, kwa kuwa dada yake alipokwenda semina ya skauti alirudi na cheti. Sikuwa na jibu. Tangu jana yeye ndiye anayeshika kalenda: kila jioni kabla ya kulala anapiga mstari juu ya siku iliyopita kwa kalamu yangu ya kusahihishia, na siku ya dripu ya tatu ameichorea basi.

Mama Muuguzi, nina swali moja limebaki. Nikishuka kwenye treni Morogoro jioni, je, kuna nyumba ya wageni tulivu karibu na stendi ya Msamvu, ambapo mtu anaweza kupata uji asubuhi kabla ya basi la Iringa?

Muuguzi Mstaafu, Morogoro:

Marahaba, mwanangu. Nyumba ya wageni ya nini, nami nina chumba? Niandikie faragha tarehe ya dripu ya tatu, na uniambie uji unautaka wa ulezi au wa mchele.