Tupeane uzoefu: Nani amewahi kumpenda mtu mwenye kesi ya mauaji?

Bint Maweni: Leo nimepita nje ya Mahakama Kuu hapa Malindi, karandinga linashusha mahabusu. Kuna msichana wa buibui kasimama na kifuko cha mahamri, macho hayabanduki kwa mmoja wao mwenye pingu. Nimejua papo hapo. Aliyepitia haya, yeye au mtu wake, aseme.

Shangazi wa Barani: Kweli dada. Kwetu yuko mmoja, hatumtaji.

Mpiga Kasia: Mshtakiwa hana hatia mpaka korti iseme. Mbona mnahukumu kabla ya jaji?

Umu Salma: Nimesoma hapo juu mikono ikanitetemeka. Kwangu ni mdogo wangu. Jamaa alishtakiwa kumuua mchumba wake. Mdogo wangu hakumjua kabisa, alimwona kortini siku tulipokwenda kwa kesi ya shamba la baba. Akarudi nyumbani anasema, "Yule si muuaji, nimemwangalia." Tangu hapo kila kesi ikitajwa yuko benchi la mbele. Bangili za dhahabu alizoachiwa na nyanya zikauzwa, wakili alipwe. Usiku simu ikilia (msiniulize simu inaingiaje kule ndani) anatoka barazani, ananong'ona mpaka adhana ya alfajiri.

Siku nisiyoisahau ni ya Watamu. Aliniambia nimsindikize kumtazama mama mmoja mgonjwa. Tukashuka matatu, tukakata vichochoro mpaka kwa mama anayekaanga viazi karai mlangoni pake. Mzima kabisa. Mdogo wangu akanunua, akalipa, akatia ukwaju, kisha akasema kwa upole, "Mama, anakusalimu. Amefurahi kusikia mjukuu wako ameanza shule. Anasema ile njia ya mikokoni anayopita mtoto ina upweke sana." Mwiko ukamponyoka yule mama, ukatumbukia kwenye mafuta. Ndipo nikaelewa: huyu ndiye aliyewaona jamaa na marehemu pamoja usiku ule. Nikamvuta mdogo wangu tukaondoka. Njiani nikamuuliza, unajua umebeba nini? Akasema, "Salamu tu. Ananiamini mimi peke yangu." Na anatabasamu, wallahi, kama bibi harusi.

Bi Leso: Subhanallah! Ikawaje?

Mpiga Kasia: Pengine zilikuwa salamu kweli.

Bi Leso: Wewe Mpiga Kasia, salamu gani zinazotaja njia ya mtoto wa shule?

Kijana wa Muyeye: Muozeni haraka, atasahau.

Shangazi wa Barani: Umuoze mtu roho yake iko rumande? Mpelekeni kwa ndugu zake Faza, Lamu, kule simu imnyime raha.

Kijana wa Muyeye: Faza kuna mtandao siku hizi shangazi 😂

Msomaji wa Gede: Hata Marekani yalikuwapo. Ted Bundy alimwoa Carole Ann Boone ndani ya korti, Florida, 1980, akiwa ameshapatikana na hatia. Mwanamke aliamini hakuua. Bundy alikiri mauaji mengi kabla ya kuuawa kwa kiti cha umeme 1989.

Karani Mstaafu: Wanangu, nisikilizeni. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa hata mwenye kesi ya mauaji haki ya dhamana, ila pakiwa na sababu nzito. Kutishia mashahidi ni sababu nzito. Aliyenyimwa dhamana kwa hilo hutafuta miguu ya mtu wa nje, na mbeba ujumbe naye anaweza kushtakiwa. Mama wa viazi aende kwa mwendesha mashtaka, iko Sheria ya Kulinda Mashahidi ya 2006.

Umu Salma: Alikwenda, mzee wangu. Mimi ndiye niliyempeleka, na mimi pia nimeandikisha taarifa. Mdogo wangu amehama nyumbani, hasemi nami. Kilichonileta kuandika leo ni simu ya jana. Namba siijui, sauti ya kike, na si ya mdogo wangu. "Dada, anakusalimu." Akakata.

Bint Maweni: Ina maana wako wawili??

Mpiga Kasia: Hapo sina la kusema. Pole dada.

Karani Mstaafu: Usiifute hiyo namba. Asubuhi mapema kwa afisa wa upelelezi wa kesi, uende na simu yenyewe. Usiende peke yako.

Bi Leso: Mimi niko Majengo. Niandikie faragha, saa mbili asubuhi tunakwenda pamoja.