Uchaguzi mdogo wa Fort Hall, 1962: mbona mnauruka?

Wakuu, nimechoka na hii simulizi inayosambazwa kila Oktoba: "Mzee alitoka kizuizini, akawa Waziri Mkuu." Mzee ni Jomo Kenyatta. Alipaa? Katikati hapo kuna kiti cha bunge, na kuna mtu aliyekiachia.

Kiti chenyewe ni Fort Hall, Murang'a ya leo. Mwenye kiti alikuwa Kariuki Njiiri wa chama cha KANU, aliyechaguliwa mwaka 1961. Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka huo, Oktoba akashika urais wa chama hicho, lakini Legco, bunge la wakati wa ukoloni, hakuweza kutia mguu. Sheria ya mkoloni ilimzuia kugombea yeyote aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka miwili, na kwenye kesi ya Mau Mau, wapiganaji dhidi ya mkoloni, huko Kapenguria alihukumiwa miaka saba, tena kwa kazi ngumu! KANU ina viti 19 dhidi ya 11 vya chama pinzani cha KADU, halafu rais wake yuko nje ya mlango, serikali imeshikwa na Ronald Ngala wa KADU.

Waingereza walipokubali kulegeza kile kifungu, Njiiri akajiuzulu. Januari 1962 Kenyatta akapita bila kupingwa. Ndivyo alivyoingia Lancaster House, kwenye mkutano wa katiba huko London, mwezi uliofuata akiwa mbunge, na kufikia Aprili akawa waziri katika serikali ya mseto ya KANU na KADU.

Na huyo Njiiri mnamjua ni mtoto wa nani? Wa chifu mkuu Njiiri, nguzo ya serikali ya mkoloni dhidi ya Mau Mau. Kijana wa boma lile anampisha mtu ambaye Gavana Renison alimwita kiongozi wa kupeleka watu gizani na mautini! Hilo nalo mnaliona dogo?

Wapiga kura wa Fort Hall ndio kabisa hamwataji. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wabunge wao kwa mara ya kwanza, Mkikuyu hakuandikishwa mpaka awe na cheti cha uaminifu kwa serikali. Kwingineko mwenye elimu na mali alipewa hadi kura tatu. Kwa Wakikuyu, mtu anasimama mbele ya karani kuthibitisha kwamba si Mau Mau. Watu hao hao, miaka mitano baadaye, mbunge wao ni Kenyatta.

Kwa hiyo wewe unayebandika kila mwaka kwamba Mzee aliingia bungeni kwa mara ya kwanza kupitia jimbo la Gatundu, futa. Gatundu ni 1963. Andika Fort Hall, na jina la Kariuki Njiiri uliweke hapo hapo.