Naomba ushauri: madaftari ya mama mkubwa, afisa ustawi wa jamii mstaafu

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mama mkubwa wangu ametutoka mwezi uliopita hapa Dodoma, akiwa na miaka 79. Alianza kazi ya ustawi wa jamii wakati wa Operesheni Dodoma ya 1971, watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumgongea mlango usiku. Msibani wasifu wake ulisomwa dakika tano tu. Iliniuma sana.

Juzi tumefungua sanduku lake la bati, tukakuta madaftari 31, wino wa bluu, mwandiko mdogo uliolala. Ukurasa mmoja ni wa mtoto aliyekutwa Bahi hajala siku mbili: ameandika alivyompikia uji wa uwele, na kwamba kesho yake arudi na balozi wa nyumba kumi. Pembeni ya ukurasa kuna alama ya kikombe.

Natamani tutoe kijitabu siku ya kumbukumbu yake. Lakini mle mna majina ya watoto na siri za ndoa za watu ambao wengi bado wako hai. Mjomba anataka yachomwe yote. Mimi siwezi, roho inakataa.

Kwa mliowahi kufanya kazi hii: nikibadilisha majina na vijiji inatosha? Au niwaone kwanza watu wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa? Na mjomba nimwambieje bila kumvunjia heshima?